Wakongwe wa Intel wavunjika moyo jahazi likienda mrama

MWANZONI mwa 2025, Craig Barrett alivunja desturi ya wastaafu wa vyeo vya juu, ambayo ni kula pensheni na kunyamaza. Katika makala yaliyochapishwa na jarida la Fortune nchini Marekani, mzee huyo aliitetea kampuni ya Intel, aliyojiunga nayo mwaka 1974, kisha akawageukia wanaoisimamia. Alisema kwamba badala ya kuipasua kampuni hiyo vipande viwili, ingekuwa afadhali bodi ya wakurugenzi ifutwe kazi na Pat Gelsinger, Afisa Mkuu Mtendaji aliyeondolewa Desemba 2024, arejeshwe ofisini.

Maneno hayo hayakutoka kwa mpita njia. Barrett alipanda ngazi kutoka mhandisi hadi Afisa Mkuu Mtendaji kati ya 1998 na 2005, kisha akawa mwenyekiti wa bodi hiyo hiyo hadi 2009. Mtu wa aina hiyo anapofika mahali pa kuitaka nyumba aliyoijenga ifagiliwe kuanzia sebuleni, mambo huwa yameharibika kwa muda mrefu.

Intel ndiyo iliyotengeneza chipu, yaani ubongo, wa tarakilishi nyingi zilizo katika ofisi, shule na maduka ya intaneti kote ulimwenguni, Kenya ikiwemo. Kwa takriban miongo mitatu hakuna aliyeithubutu. Lakini mwaka 2024 ilitangaza hasara ya dola bilioni 18.8, ambazo ni zaidi ya Sh2.4 trilioni. Kwa kipimo cha hapa nyumbani, hizo ni zaidi ya nusu ya bajeti ya serikali ya Kenya ya mwaka huo. Mnamo Agosti mwaka huo huo ilikuwa imetangaza kwamba ingewapiga kalamu wafanyakazi wapatao 15,000 na kusimamisha mgao wa faida kwa wenye hisa. Siku iliyofuata hisa zake zilishuka kwa asilimia 26, anguko ambalo halikuwa limeshuhudiwa tangu 1974, mwaka ule ule Barrett alipoajiriwa. Novemba ikaondolewa katika faharasa ya Dow Jones ilimokaa kwa miaka 25, na nafasi yake ikatwaliwa na Nvidia.

Ili kuelewa uchungu wa wafanyakazi wakongwe, yafaa kukumbuka waliahidiwa nini. Intel iliasisiwa mwaka 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore, nao wakamchukua Andy Grove, mkimbizi kutoka Hungary, awe mtendaji wao. Grove alikuwa bosi mkali, lakini ukali wake ulikuwa na utaratibu. Alikaa katika kijisehemu kilichozungushiwa ubao kama cha karani yeyote, na mhandisi kijana aliruhusiwa kumpinga mkubwa wake mkutanini mradi awe na takwimu mkononi. Baada ya kila miaka saba ya kazi, mfanyakazi alipata likizo ya wiki nane yenye mshahara. Beji ya samawati, inayomtofautisha mwajiriwa wa kudumu na kibarua wa kandarasi, ilikuwa fahari ya mtu hata mtaani.

Ahadi kubwa zaidi haikuandikwa popote. Ilikuwa kwamba panapotokea hatari, wakuu wataiona mapema na kusema ukweli. Mwaka 1985, Wajapani walipokuwa wakiwapiga mweleka katika biashara ya chipu za kuhifadhi kumbukumbu, Grove alimuuliza Moore kile ambacho viongozi wapya wangefanya iwapo wao wawili wangefukuzwa. Jibu lilikuwa kuachana na biashara hiyo, na wakaamua kuifanya kazi hiyo wenyewe. Maelfu ya watu walipoteza ajira na viwanda vikafungwa. Hata hivyo waliobaki walijua ni kwa nini, na kampuni ikaelekeza nguvu zake zote kwa chipu za kuendesha tarakilishi. Uamuzi huo uliitajirisha kwa muda wa kizazi kizima.

Chukua mfano wa mhandisi aliyeingia kiwandani Hillsboro, jimbo la Oregon, mwaka 1995. Mtu huyo alimkuta Grove usukani. Kufikia 2025 angekuwa amehudumu chini ya Maafisa Wakuu Watendaji saba, na si vigumu kufuatisha mahali ambapo imani yake ilianza kuyeyuka.

Barrett mwenyewe si malaika. Enzi zake kampuni ilitumia mabilioni ya dola kununua kampuni za mawasiliano ambazo hazikuleta faida ya maana. Ikang'ang'ania pia chipu iliyoitwa Itanium, iliyotolewa 2001, ambayo wateja wengi waliikataa huku mshindani wake AMD akija mwaka 2003 na njia rahisi zaidi ya kufanya kazi ile ile. Lakini viwanda vilikuwa bado mbele ya vyote duniani, na penye viwanda bora makosa husameheka.

Mwaka 2005 alikuja Paul Otellini, wa kwanza katika wadhifa huo ambaye hakuwa mhandisi. Kwa hesabu za fedha alifaulu. Tatizo ni lile ambalo hesabu hizo hazikuonyesha. Apple ilipokuwa ikiunda simu ya iPhone iliitaka Intel iitengenezee chipu, na Otellini akakataa kwa kuwa bei iliyotajwa ilikuwa chini ya gharama iliyokadiriwa. Mwaka 2013, akikaribia kuondoka, aliliambia jarida la The Atlantic kwamba makadirio ya gharama hayakuwa sahihi, na kwamba idadi ya simu zilizouzwa ilipita kwa mbali sana ile iliyotarajiwa na wote. Mwaka 2006, mwaka mmoja kabla ya iPhone kuingia sokoni, Intel ilikuwa imeiuzia kampuni ya Marvell kitengo chake cha chipu za vifaa vya mkononi kwa dola milioni 600. Ikumbukwe kwamba wahandisi wa kitengo hicho walikuwapo, na ujuzi walikuwa nao. Walichokosa ni mkubwa wa kuwasikiza.

Kukosea ni jambo la kawaida katika biashara. Kinachowakera wakongwe hasa ni jinsi fedha zilivyotumika wakati wa neema. Tangu 1990, Intel imetumia zaidi ya dola bilioni 100 kununua hisa zake yenyewe kutoka sokoni. Hatua kama hiyo hupandisha bei ya hisa zinazosalia na kuwafurahisha wenye hisa pamoja na wakuu wanaolipwa kwa hisa. Haijengi kiwanda wala kumfunza mhandisi. Juu ya hayo, kampuni ya kupambana na virusi vya tarakilishi, McAfee, ilinunuliwa kwa dola bilioni 7.68, na miaka michache baadaye sehemu kubwa ikauzwa katika mpango ulioithamini kwa dola bilioni 4.2. Kampuni ya Altera ilinunuliwa mwaka 2015 kwa dola bilioni 16.7, mwaka 2025 asilimia 51 ya umiliki wake iliuzwa kwa thamani iliyoashiria kwamba kampuni nzima ilikuwa imeshuka hadi dola bilioni 8.75. Kwa lugha ya sokoni, ng'ombe alinunuliwa kwa bei ya ndovu akauzwa kwa bei ya mbuzi.

Hadithi ya mashine za Uholanzi inasikitisha zaidi. Mwaka 2012 Intel iliahidi kutoa takriban dola bilioni 4.1 kwa ASML, kampuni pekee iliyofaulu kuunda mashine zinazochora chipu kwa mwanga wa mawimbi mafupi mno. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kununua hisa na sehemu ilikuwa ya utafiti. Mashine zilipokuwa tayari, Intel ikasita kuzitumia katika uzalishaji. TSMC ya Taiwan, iliyoasisiwa mwaka 1987 na Morris Chang, ikazichukua na kuanza kuzitumia kutengeneza chipu kwa wingi mwaka 2019. Aliyesaidia kugharimia jiko akabaki kupika kwa kuni.

Matokeo yake yalijitokeza katika kizazi cha chipu kilichopewa jina la nanomita 10. Kilipaswa kuwa tayari katikati ya muongo ule, lakini kikaahirishwa mara kwa mara hadi 2019. Katika kipindi hicho chote wakuu waliendelea kuuambia ulimwengu kwamba mambo yalikuwa yakienda vyema, ilhali waliokuwa kiwandani waliziona sahani zenye kasoro kwa macho yao kila siku. Hapa ndipo mhandisi wa mfano wetu alipoanza kuona pengo kati ya taarifa za makao makuu na hali halisi, na utamaduni wa Grove wa kumpinga mkubwa kwa takwimu ukaanza kuonekana kama ngano.

Aliyekuwa usukani ni Brian Krzanich, mwenyeji wa kampuni hiyo tangu 1982. Aprili 2016 alitangaza kuondolewa kwa wafanyakazi 12,000. Miaka miwili baadaye gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usawa kazini ilikuwa ikichunguza malalamiko ya ubaguzi wa umri. Gazeti hilo lilieleza kuwa katika kundi la watu zaidi ya 2,300 walioondolewa Mei 2016, umri wa katikati ulikuwa miaka 49, saba zaidi ya wenzao waliosalia. Intel ilikanusha kwamba umri au jinsia vilizingatiwa. Hata likikubaliwa kanusho hilo, bado kampuni iliwaaga watu wengi waliobeba kichwani siri za viwanda vyake, na hilo lilitendeka wakati nanomita 10 ilipokuwa ikiwashinda waliobaki.

Kisha likaja suala la hisa. Mnamo Juni 2017 watafiti waliiarifu Intel kuhusu dosari kubwa za usalama katika chipu zake, ambazo zilikuja kufahamika kwa umma Januari 2018 kwa majina ya Meltdown na Spectre. Novemba 2017, kabla umma haujajua, Krzanich aliuza hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 39 na kubaki na zile chache alizolazimika kuwa nazo kwa mujibu wa cheo chake. Kampuni ilisema mauzo hayo hayakuhusiana na dosari hizo. Juni 2018 alijiuzulu kwa sababu nyingine kabisa, baada ya kubainika kuwa aliwahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mfanyakazi mwenzake kinyume cha kanuni za kampuni.

Bodi ikampa kiti hicho Bob Swan, aliyekuwa mkuu wa fedha na aliyejiunga na Intel mwaka 2016. Swan alikuwa mtu muungwana na hesabu zake hazikuwa na dosari, lakini kumpa mhasibu kazi ya kuokoa viwanda vilivyolemewa na fizikia ni sawa na kumpa karani wa bandari usukani wa meli. Julai 2020 ilimbidi atangaze kwamba kizazi kilichofuata nacho kimechelewa. Mwezi mmoja kabla, Apple ilikuwa imetangaza kwamba tarakilishi zake za Mac zingeachana na chipu za Intel. Shirika la habari la Reuters liliripoti Agosti 2024 kwamba kati ya 2017 na 2018 Intel ilipewa nafasi ya kununua asilimia 15 ya OpenAI, waundaji wa ChatGPT, kwa dola bilioni moja, nayo ikaiacha ipite.

Gelsinger aliporejea Februari 2021, wengi Hillsboro walishangilia. Huyu alikuwa mtoto wa nyumbani, aliyeajiriwa mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 18, akasoma huku akifanya kazi hadi akawa mkuu wa teknolojia, kisha akaondoka 2009. Alisimamisha ununuzi wa hisa, akaahidi vizazi vitano vya teknolojia katika miaka minne na kutangaza viwanda vipya Ohio, Arizona na Ujerumani. Wapo wastaafu waliokubali kurudi kazini kwa sababu yake.

Haki itendeke, hata yeye alikosea, na makosa yake hayakuwa madogo. Idadi ya wafanyakazi iliongezeka kutoka takriban 110,000 mwishoni mwa 2020 hadi karibu 132,000 mwishoni mwa 2022, wakati mauzo ya tarakilishi yaliyofurishwa na janga la Covid-19 yalipokuwa yameanza kupungua. Reuters iliripoti kwamba matamshi yake kuhusu hatari ya kutegemea Taiwan yaliwaudhi TSMC, na Intel ikapoteza punguzo la bei la takriban asilimia 40. Februari 2023 mishahara ilikatwa, wafanyakazi wa ngazi za kati kwa asilimia tano na yeye mwenyewe kwa asilimia 25. Kwa waliokumbuka kwamba malipo yake ya mwaka 2021, mengi yakiwa katika hisa, yalikadiriwa kuwa dola milioni 178.6, asilimia hiyo haikuwa faraja kubwa.

Ndipo Agosti 2024 ilipofika. Hatua ndogo nyakati nyingine hueleza mengi kuliko kubwa: miongoni mwa vilivyokatwa ni kahawa na chai ya bure ofisini. Novemba vilirudishwa ili kuinua moyo wa waliobaki. Wiki chache baadaye bodi ikamwondoa Gelsinger kabla mpango wake wa miaka minne haujakamilika, bila kuwa na mrithi wa kudumu. Maafisa wawili wakashikilia wadhifa huo kwa zaidi ya miezi mitatu.

Ni bodi hii ambayo Barrett aliilenga. Hoja yake ina uzito. Ndiyo iliyoidhinisha ununuzi wa hisa, ikamteua mhasibu, ikaidhinisha mpango wa Gelsinger na kisha ikaukatiza katikati, lakini anayewajibishwa kila mara ni mwajiriwa wake au kibarua wa mwisho kabisa. Lip-Bu Tan, mmoja wa wakurugenzi wachache walioijua vyema biashara ya chipu, alijiuzulu kutoka kwa bodi hiyo Agosti 2024. Reuters iliripoti kwamba alichoshwa na ukubwa wa kampuni, urasimu na woga wa kuthubutu. Desemba, baada ya Gelsinger kuondoka, ndipo wataalamu wawili wa sekta hiyo, Eric Meurice aliyewahi kuongoza ASML na Steve Sanghi wa Microchip, walipoongezwa.

Machi 2025 bodi ilimrudisha Tan, safari hii akiwa Afisa Mkuu Mtendaji. Ni kinaya kwamba aliyeondoka kwa kukata tamaa ndiye aliyekabidhiwa tamaa za wote. Julai mwaka huo gazeti la The Oregonian liliripoti kwamba aliwaambia wafanyakazi katika kikao cha ndani kuwa Intel haimo tena miongoni mwa kampuni kumi bora za chipu. Wakongwe walikuwa wakilijua hilo. Tofauti ni kwamba safari hii lilitoka kinywani mwa mkubwa. Mwezi huo huo zaidi ya watu 2,000 walipoteza kazi Oregon, viwanda vya Ujerumani na Poland vikafutiliwa mbali, na lengo likatangazwa la kubaki na wafanyakazi wapatao 75,000 kufikia mwisho wa 2025. Kiwanda cha Ohio, kilichotarajiwa kuanza kazi 2025, kilikuwa tayari kimesukumwa hadi 2030 au baadaye.

Agosti 7, 2025 Rais Donald Trump alimtaka Tan ajiuzulu mara moja akitaja uhusiano wake wa kibiashara na China. Wawili hao wakakutana Ikulu siku chache baadaye, na Agosti 22 ikatangazwa kwamba serikali ya Marekani ingechukua karibu asilimia 10 ya kampuni kwa dola bilioni 8.9, kwa bei ya dola 20.47 kila hisa. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ruzuku ambayo Intel ilikuwa imekwisha kuahidiwa. SoftBank ya Japan iliingia kwa dola bilioni mbili na Nvidia, ile iliyoitoa katika Dow Jones, ikaahidi bilioni tano. Taifa linalohubiria ulimwengu soko huria limelazimika kuwa mshirika wa kampuni binafsi. Wakenya waliozoea kuona serikali ikijitwika mzigo wa mashirika yanayoyumba hawatahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Kwa Kenya, mkasa huu hauko mbali sana. Rais William Ruto alipozuru Washington Mei 2024, Marekani ilitangaza kwamba Kenya ingekuwa ya kwanza barani Afrika kupangiwa fedha kupitia sheria ile ile ya chipu iliyoiokoa Intel, ili kukuza sekta hiyo changa. Anayepanga kufunza vijana wa kutengeneza chipu ana sababu ya kuuliza ni ujuzi gani uliotupwa Hillsboro, na kwa nini fedha nyingi hazikuweza kuurudisha.

Maana fedha sasa zimepatikana, na kazi ya kiufundi nayo imepiga hatua. Oktoba 2025 Intel ilitangaza kuwa kiwanda chake kipya huko Chandler, Arizona, kinazalisha chipu za kizazi cha 18A, ambacho ni tunda la mpango wa Gelsinger. Bei ya hisa ilipanda juu ya ile serikali iliyolipa. Lakini katika stakabadhi iliyowasilisha Julai 2025, kampuni ilionya kwamba isipopata mteja mkubwa wa nje kwa kizazi kinachofuata, 14A, huenda ikakisitisha au kukifuta kabisa. Kwa mhandisi aliyeingia 1995 na kunusurika kalamu zote hizo, kiasi cha kazi kilichosalia kinategemea saini ya mteja huyo.